Usipunguze Upepo wa Tairi la Moto

Leo tutajifunza habari za upepo wa tairi. Labda wengine watasema, "Sisi ni wakulima wa mpunga na kakao. Magari hatuna. Habari za tairi zinatuhusu nini?" Zinatuhusu sana. Nani kati yetu hapa Kyela hajapanda baiskeli, yake au ya jirani? Mpunga wetu hutoka shambani kwa baiskeli, kwa pikipiki, kwa mkokoteni wa ng'ombe na kwa pikapu. Mgonjwa akizidiwa twampakia garini kwenda Tukuyu au Mbeya. Kila siku roho zetu na mali zetu zinabebwa na matairi. Na ndani ya matairi hayo mna hewa tu.

Basi tuanze na kisa kimoja tulichokiona wenyewe.

Kisa cha pikapu ya mpunga

Ilikuwa mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijaanza. Tulipanda pikapu kutoka Kyela mjini kwenda Tukuyu. Gari lilijaa magunia ya mpunga, na sisi abiria tulikaa juu ya magunia. Kukaa juu ya mzigo nalo ni kosa, lakini hilo ni somo la siku nyingine. Jua lilikuwa kali, kama tunavyolijua jua letu la mwezi huo.

Kabla ya kuanza kupanda mlima, dereva alisimamisha gari. Alishuka, akaligusa tairi la nyuma, akatoa mkono haraka. Lilikuwa la moto. Akafungua kifuniko cha valvu, akabonyeza kwa msumari. Upepo ukatoka, fuuu, mpaka moyo wake ukaridhika. Geji hakuwa nayo.

Mzee mmoja aliyekaa nasi akamwuliza, "Mwanangu, mbona wautoa upepo na mzigo tunao?"

Dereva akajibu, "Baba, tairi limechemka. Upepo umezidi. Nisipoutoa litapasuka."

Mzee akanyamaza. Nasi tukanyamaza.

Hatukufika Tukuyu. Tairi lile lile lilipasuka kwa mlio kama wa bunduki. Gari liliyumba, likagonga ukingo wa barabara, likasimama. Hakufa mtu, tunashukuru. Lakini mama mmoja alivunjika mkono, na magunia matatu yalibiringika bondeni yakapasuka. Jasho la msimu mzima la familia moja tuliliokota pamoja na mawe.

Dereva alijishika kichwa akasema, "Mwalimu, kumbe hata baada ya kuupunguza, upepo ulikuwa bado mwingi!"

Baadaye fundi wa pancha alilivua tairi lile. Ndani yake tuliona unga mweusi wa mpira. Mbavu za tairi zilikuwa zimesagika na kukatika karibu mzunguko wote. Fundi akatikisa kichwa. Akasema, "Hili halikufa kwa shibe. Limekufa kwa njaa."

Maana yake, tairi halikupasuka kwa sababu ya upepo mwingi. Lilipasuka kwa sababu upepo ulikuwa haba. Na sisi tuliokwenda shule tulikaa juu ya magunia tukatazama upepo ukitolewa, wala hatukusema neno. Ndiyo sababu tumeandika somo hili.

Hewa ni kitu

Hewa haionekani, lakini ni kitu. Ina uzito. Ukiibana inasukuma. Mwaka 1887, mganga wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop, katika mji wa Belfast, Ireland, alitengeneza tairi la mpira lenye hewa ndani kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake yenye magurudumu matatu. Tangu hapo baiskeli, na baadaye magari, yakaanza kutembea juu ya hewa. Mzigo wa gari haubebwi na mpira peke yake. Unabebwa hasa na hewa iliyobanwa ndani ya mpira.

Hewa imeundwa kwa chembe ndogo sana. Chembe hizo hazitulii, zinakimbia huku na huku. Mmewaona wale wadudu wadogo wanaopaa juu ya ziwa letu kama moshi. Hebu fikirini wadudu hao wamefungiwa ndani ya gunia. Wanaruka, wanagonga gunia kila upande, na gunia linatuna. Chembe za hewa ndivyo zinavyofanya ndani ya tairi. Zinagonga mpira kila upande, na kule kugonga ndiko tunakokuita msukumo wa hewa. Mafundi husema "upepo".

Sasa, joto likiongezeka, chembe zinakimbia kwa nguvu zaidi. Zinagonga kwa nguvu zaidi. Msukumo unapanda. Joto likipungua, chembe zinapoa, na msukumo unashuka. Hewa haikuongezwa wala haikupunguzwa. Ni ile ile. Kilichobadilika ni joto.

Jaribio la kwanza

Msituamini kwa maneno tu. Fanyeni jaribio hili katika kikundi chenu.

Chukueni chupa tupu ya plastiki, ile ya maji ya kunywa. Iwekeni juani saa saba mchana bila kifuniko mpaka ipate joto. Kisha ifungeni kwa nguvu. Itumbukizeni katika ndoo ya maji baridi na mngoje kidogo. Mtaona chupa inabonyea. Hakuna aliyefyonza hewa. Imepoa tu, msukumo wake umeshuka, na hewa ya nje imeishinda. Sasa irudisheni juani bila kuifungua. Baada ya muda itatuna tena.

Tairi nalo hufanya hivyo hivyo.

Upepo hupimwaje?

Geji ya mafundi wengi husoma paundi. Fundi akisema "tia 30", maana yake ni paundi 30 kwa kila inchi moja ya mraba. Gari dogo hutaka paundi 30 hivi. Pikapu yenye mzigo hutaka zaidi, labda 40. Lori kubwa hutaka 100 na zaidi. Lakini msikariri tarakimu hizi. Kila gari lina kiasi chake, na kiasi hicho kimeandikwa. Tutaona baadaye kimeandikwa wapi.

Je, joto huongeza paundi ngapi? Hesabu yake ni nyepesi. Joto hupimwa kwa nyuzi za Sentigredi. Joto la hewa ndani ya tairi likipanda nyuzi 10:

Tairi la paundi 30 huongezeka karibu paundi 1 na nusu.
Tairi la paundi 40 huongezeka karibu paundi 2.
Tairi la paundi 100 huongezeka karibu paundi 4.

Likishuka nyuzi 10, hupungua kiasi hicho hicho.

Turudi kwenye pikapu yetu. Tuseme asubuhi na mapema, Kyela, joto ni nyuzi 25. Tairi limepumzika usiku kucha, na tumelijaza paundi 40. Mchana, baada ya kukimbia na mzigo katika jua, hewa ya ndani imefika nyuzi 55. Joto limepanda nyuzi 30. Geji itasoma paundi 45 hivi.

Je, paundi 5 hizi ni hatari? Hapana, kwa tairi zima lililojazwa sawasawa. Waliotengeneza tairi wanajua kwamba litapata moto barabarani. Walipoandika "40" walikwisha kujua kwamba mchana itakuwa 45. Kiasi kilichoandikwa ni cha tairi baridi.

Kosa la dereva wetu

Sasa tazameni kosa lilivyo. Dereva ameona 45, au ameligusa tairi akaona ni la moto. Anatoa upepo mpaka 40. Anadhani amerudisha kiasi cha asubuhi. Lakini hewa iliyobaki bado ina joto la nyuzi 55. Tairi likipoa kesho asubuhi, geji itasoma 35 tu. Kwa hiyo dereva ameiba paundi 5 katika tairi lake mwenyewe.

Na ubaya hauishii hapo. Joto la tairi hutoka wapi? Sehemu hutoka kwenye jua na lami. Sehemu hutoka kwenye breki. Lakini sehemu kubwa hutoka ndani ya tairi lenyewe, kwa sababu linapogeuka linakunjwa na kukunjuliwa.

Fanyeni jaribio la pili. Chukueni kipande cha waya mnene. Kikunjeni na kukikunjua upesi upesi mara 20 mahali pale pale. Halafu gusa mahali hapo. Ni pa moto. Endelea, na mwisho waya utakatika.

Tairi lenye upepo wa kutosha hukunjika kidogo. Tairi lenye upepo haba hulala, mbavu zake hutoka nje, na kila mzunguko hukunjika sana. Kwa mwendo wa kawaida wa gari mbavu hizo hukunjwa mamia ya mara kila dakika. Kwa hiyo tairi laini hupata moto kuliko tairi gumu. Dereva anasimama tena, anagusa, anaona moto umezidi. Anatoa upepo tena! Tairi linalala zaidi, linachemka zaidi. Nyuzi zilizo ndani ya mpira zinaachana, mpira unasagika, na mwisho ni ule mlio wa bunduki.

Ule unga mweusi tuliouona ndani ya tairi ulikuwa ushahidi wa jambo hili. Tairi lililokimbia muda mrefu bila upepo wa kutosha husagika mbavu kutoka ndani. Mkiona unga huo, tairi hilo limekwisha. Msikubali lijazwe upepo tena, hata kama kwa nje linang'aa.

Kupanda Tukuyu na kushuka Kyela

Wapo wanaosema kwamba baridi ya mlimani ndiyo inayoharibu upepo. Wengine wanasema hewa nyepesi ya mlimani hupasua matairi. Tuyapime maneno hayo.

Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Tukuyu iko mita 1,500 hivi. Kwa hiyo gari linalotoka Kyela hupanda mita 1,000 na zaidi kabla ya kufika Tukuyu. Huko juu mambo mawili hubadilika.

Jambo la kwanza ni baridi. Tuseme Kyela ni nyuzi 30 na Tukuyu ni nyuzi 15. Tairi la paundi 30 litakapopoa huko, litapungua karibu paundi 2.

Jambo la pili ni wepesi wa hewa. Hewa ya nje nayo hulisukuma tairi kutoka nje. Geji haisomi msukumo wote wa ndani. Husoma tofauti kati ya ndani na nje. Mlimani hewa ya nje ni nyepesi, husukuma kidogo, kwa hiyo geji huonyesha zaidi. Kutoka Kyela mpaka Tukuyu nyongeza hiyo ni karibu paundi 1 na nusu.

Haya, toeni hesabu. Baridi imeondoa 2. Wepesi wa hewa umeongeza 1 na nusu. Tofauti iliyobaki ni kama nusu paundi. Kwa hiyo mlima peke yake si sababu ya kutoa upepo wala ya kuogopa.

Jambo la kuogopa zaidi ni kushuka kutoka Tukuyu kuja Kyela. Dereva akikanyaga breki mteremko mzima, breki huchemka, rimu huchemka, na tairi nalo huchemka. Dereva mwenye akili hushuka kwa gia ndogo, na injini husaidia kulizuia gari. Mkisikia harufu ya kuungua, mwambieni asimame, gari lipumzike. Msione haya. Ninyi ndio mnaobebwa.

Je, aina ya gesi inabadili nini?

Siku hizi baadhi ya wauza matairi mijini hujaza gesi iitwayo naitrojeni, na hutoza fedha zaidi. Watu wanatuuliza, "Mwalimu, ni kweli gesi hiyo haipati moto? Ni kweli haitanuki?"

Kwanza tujue hewa tunayovuta ni nini. Chukua sehemu 100 za hewa kavu. Sehemu 78 ni naitrojeni. Sehemu 21 ni oksijeni, ile inayotuweka hai na kuuwasha moto. Sehemu 1 iliyobaki ni gesi nyingine. Kwa hiyo, ndugu yangu, unapojaza tairi kwa pampu yako ya mkono, tayari umejaza naitrojeni sehemu 78 bila kulipa shilingi.

Pili, naitrojeni hupata moto na hutanuka kama hewa. Tairi la paundi 40 lenye naitrojeni nalo litafika 45 joto likipanda nyuzi 30. Katika jambo hili gesi kavu za kawaida zote ni ndugu. Anayewaambia kwamba naitrojeni haibadiliki kwa joto anawadanganya, au amedanganywa.

Hata hivyo, zipo tofauti tatu za kweli.

Tofauti ya kwanza ni kuvuja. Mpira hauzuii gesi kabisa. Gesi hupenya polepole sana, hata kama hakuna pancha. Naitrojeni hupenya polepole kidogo kuliko oksijeni. Gazeti la Marekani liitwalo Consumer Reports lilijaribu aina 31 za matairi kuanzia mwaka 2006 hadi 2007. Katika kila aina tairi moja lilijazwa hewa na jingine naitrojeni, yote paundi 30. Baada ya mwaka mmoja, yenye hewa yalikuwa yamepoteza paundi 3 na nusu kwa wastani. Yenye naitrojeni yalipoteza paundi 2 na kidogo. Tofauti ipo, lakini ni kama paundi 1 kwa mwaka mzima. Mtu anayepima upepo kila wiki na kuongeza hana haja ya kuilipia. Gesi nyingine huvuja upesi kuliko hewa. Hewa ya ukaa ni mojawapo, na kwa hiyo haifai kujazwa kwa matumizi ya siku nyingi.

Tofauti ya pili ni maji. Hewa yetu ya Kyela ina unyevu mwingi. Kompresa inapoibana hewa hiyo, maji hukaa chini ya tangi. Fundi asipoyatoa, maji huingia ndani ya tairi. Tairi likipata moto, maji hayo hugeuka mvuke, na mvuke huongeza msukumo kuliko hewa kavu. Tena hutia rimu kutu. Naitrojeni ya mtungi huwa kavu. Lakini na hewa inaweza kuwa kavu zaidi, kama fundi atafungua koki ya chini ya tangi kila asubuhi na kumwaga maji.

Tofauti ya tatu ni moto. Naitrojeni haiwashi moto, oksijeni huwasha. Kwa magari yetu jambo hili si kubwa. Kwa ndege kubwa ni kubwa sana, kwa sababu breki zake huchemka kupita kiasi. Tarehe 31 Machi 1986 ndege ya shirika la Mexicana ilianguka nchini Meksiko, na watu wote 167 walikufa. Breki ya gurudumu moja ilikuwa imechemka mno. Tairi lake lilikuwa limejazwa hewa ya kawaida badala ya naitrojeni. Lilipasuka ndege ikiwa angani, likakata mabomba ya mafuta na nyaya za umeme, na moto ukawaka. Ndiyo sababu matairi ya ndege kubwa hujazwa naitrojeni.

Gesi za kuua

Hapa tunaomba msome polepole, hasa vijana wa gereji.

Usijaze tairi kwa mtungi wa oksijeni wa kuchomelea vyuma. Mtu huona kompresa imeharibika, mtungi uko karibu, hewa ni hewa. Si kweli. Oksijeni tupu ikikutana na mafuta, grisi na joto inaweza kulipuka na kuua waliosimama karibu.

Usitumie gesi ya kupikia wala petroli kulituna tairi likae kwenye rimu. Gesi hiyo hubaki ndani. Siku nyingine fundi mwingine, asiyejua habari hizo, ataleta moto karibu.

Usichomelee rimu yenye tairi juu yake, hata kama upepo umetolewa. Mpira ukipata moto mkali kwa ndani hutoa moshi unaoweza kulipuka kwa nguvu ya baruti. Vua tairi kwanza, ndipo uchomelee.

Na baiskeli je?

Baiskeli iliyoachwa juani siku ya soko huweza kupasuka ikiwa imesimama. Mpira mweusi hunywa jua. Tairi zima litavumilia. Tairi lililochakaa, lenye ufa au lililoshonwa kwa uzi, halitavumilia. Dawa yake si kutoa upepo. Ukiutoa, jioni utafunga gunia la mchele juu ya tairi laini, na rimu itaukata mpira njiani. Dawa ni kivuli, na kununua tairi jingine likichakaa.

Jambo jingine: ukijaza kwa pampu ya mkono utaona ncha ya pampu inapata moto. Hewa ikibanwa upesi hupata joto. Kwa hiyo hewa iliyoingia sasa hivi ni ya moto kidogo. Ngoja ipoe, kisha bonyeza tairi tena. Huenda utahitaji kuongeza.

Mambo ya kufanya

1. Pima upepo asubuhi, tairi likiwa baridi. Tairi baridi ni lile lililopumzika kwa muda wa saa 3 au zaidi, nje ya jua kali.

2. Soma kiasi cha gari lako. Kwa magari mengi kimeandikwa kwenye karatasi au kibati pembeni ya mlango wa dereva, na tena katika kitabu cha gari. Tarakimu iliyoandikwa ubavuni mwa tairi karibu na neno MAX ni kiwango cha juu kabisa cha tairi lile. Si lazima kiwe ndicho kiasi cha gari lako.

3. Gari likibeba mzigo mwingi, tumia kiasi kilichoandikwa cha mzigo. Lisizidishiwe mzigo. Upepo hauwezi kulipia mzigo uliozidi.

4. Nunueni geji. Kikundi kinaweza kuchanga na kununua moja kwa ajili ya pikipiki, pikapu na mikokoteni ya kijiji. Kugonga tairi kwa nondo au kulipiga teke si kupima.

5. Ukiwa safarini, usitoe upepo wa tairi la moto. Likiwa la moto kuliko wenzake, simama kivulini, lipoe, kisha tafuta sababu: mzigo, breki, au upepo haba.

6. Ukipima tairi la moto ukakuta lina upepo pungufu hata kuliko kiasi cha baridi, jua kwamba lina njaa kubwa. Tafuta pancha. Kama limekimbia mbali likiwa limelala, lifunguliwe na kutazamwa ndani kabla ya kujazwa.

7. Funga vifuniko vya valvu, na usisahau tairi la spea.

Maneno ya kukumbuka

Msukumo: nguvu ya hewa inavyolisukuma tairi kutoka ndani.
Geji: kifaa cha kupimia upepo.
Tairi baridi: tairi lililopumzika.
Naitrojeni: gesi iliyo nyingi zaidi katika hewa.
Kompresa: mashine ya kubana na kujaza hewa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini geji husoma zaidi mchana, na hakuna mtu aliyeongeza upepo?

2. Tairi la lori lilijazwa paundi 100 asubuhi. Barabarani joto lake lilipanda nyuzi 30. Geji itasoma paundi ngapi hivi?

3. Dereva wa lori hilo alitoa upepo mpaka geji ikasoma 100. Tairi likipoa, je, upepo utakuwa 100, utazidi, au utapungua? Elezeni.

4. Muuzaji anasema naitrojeni haitanuki kwa joto. Mtamjibu nini?

5. Kama mngekuwa juu ya magunia siku ile, mngemwambia nini dereva, na kwa maneno gani ya adabu?

Jibu la swali la 2 ni paundi 112 hivi. Mengine yajibuni wenyewe.

Ndugu wasomaji, msomeeni somo hili jirani anayeendesha bodaboda, na kijana anayeziba pancha pale njia panda. Mpelekeeni dereva wa gari mnalopanda siku ya gulio. Na mkimwona akishuka na msumari mkononi kulitoboa tumbo la tairi la moto, msinyamaze kama tulivyonyamaza sisi. Mwambieni, "Mwanetu, liache lipoe."